Utafiti wa siri uliomtoa Mama Nyokabi kazini

Wakuu, habari za huko mliko. Haya nilikuwepo yakitokea, na sehemu inayoniaibisha sitairuka.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nakaa tu nyumbani Othaya, profesa mmoja akaja akitafuta mtu wa kumtafsiria Kikuyu. Research yake ilihusu vibarua: kama wana sauti kazini, na kama kazi inawaharibia afya.

Tukaenda kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa. Pale kibarua hana barua ya kazi. Kila asubuhi nyapara anasimama getini anaita majina. Usipoitwa, unarudi nyumbani, na hakuna wa kuuliza.

Siku tuliyofika kila mtu alikuwa na barakoa mpya. Profesa akapiga picha, akafurahi.

Saa kumi barakoa zikakusanywa zikarudishwa stoo.

Wengi walituambia kazi ni nzuri, Mungu ni mwema. Mama Nyokabi, wa mashine ya kukoboa, alikohoa kabla hata hajaketi.

"Hii vumbi imemaliza kifua yangu," akasema. "Lakini mkiandika jina, kesho siitwi."

Profesa akamsomea form ya usiri, kurasa tatu. Nikatafsiri, halafu nikaongeza ya kwangu: "Mama, hii hata nyapara akiisoma mara kumi hatajua ni wewe."

Akatuambia yote.

Ripoti ilipotoka, profesa, muungwana kabisa, akampelekea meneja wa kiwanda nakala ya shukrani. Jina halikuwemo. Iliandikwa tu kwamba Mshiriki Namba 7, mwanamke pekee kwenye mashine ya kukoboa, ana kikohozi na anaogopa kufutwa kazi.

Niliichapa mimi, wakuu. Nilikagua hadi koma.

Jumatatu hakuitwa. Jumanne hakuitwa. Alhamisi akanipata sokoni.

"Si ulisema ni siri?"

"Ni siri, mama. Jina hatukuweka."

"Na kwa ile mashine mwanamke mwingine ni nani? Ni wewe?"

Nikampigia profesa, nikamwomba aongee na meneja. Alisikitika sana. Akanieleza kwamba mtafiti haruhusiwi kuingilia mazingira ya utafiti.

Baada ya miezi mitatu akanituma kwa mama na maswali ya ufuatiliaji. Nilimkuta huko Mweiga akivuna viazi kwa shamba la watu, bado kibarua. Alinijibu bila kuinua kichwa.

Swali la nne lilikuwa kuhusu kikohozi.

"Kimepungua," akasema. "Vumbi ya kahawa nitaitoa wapi huku?"

Ripoti ya pili nayo ikatoka. Tangu utafiti ufanyike, ilisema, afya ya Mshiriki Namba 7 imeimarika.

Nilichojifunza: kabla hujamwambia mtu kwamba umemficha, angalia ni wangapi wanafanya kazi kama yake. Akiwa peke yake, umeshamtaja.

Kama uliwahi kuhojiwa ukaahidiwa siri, tueleze iliishia vipi. Wa kunitukana pia karibuni, nitasoma.