Mchunga wa Hamadi

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu Tongoni, nilijulikana kwa jambo moja tu: mdomo. Ndiyo maana Bibi aliponichagua mimi nikachume mchunga, nyumba nzima ilishangaa. Lakini magoti yake yalikuwa yanamuuma, na mwingine wa kutumwa hakuwapo.

Kaka yangu Hamadi alikuwa na saratani ya damu. Hospitali walimtibu, akarudi amekonda, hataki chakula. Bibi hakubishana na madaktari, ila naye alikuwa na lake. Mchunga, ile mboga chungu inayojiotea mashambani, kwetu husemwa kuwa husafisha damu. Sharti lake ni kwamba mchumaji aende alfajiri na asiseme na mtu mpaka arudi. Akifungua kinywa, dawa imetoka, imebaki mboga tu.

"Usiseme na mtu," Bibi alininyooshea kidole. "Hata akuulize nini. Wanisikia wee?"

"Nasikia, Bibi."

"Haya, anza sasa hivi."

Nilichuma nikajaza pindo la kanga, nikajiona shujaa. Wakati wa kurudi nikakutana uso kwa uso na maalimu wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, bakora kwapani. Kumpita maalimu bila kumwamkia? Hilo sikulelewa nalo. Ulimi ukaniponyoka.

"Shikamoo, maalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hamadi yu hali gani?"

"Hajambo kidogo."

Nyumbani sikusema kitu. Bibi alichemsha majani, akamwaga maji ya kwanza, akayaunga kwa tui. Hamadi alikula vijiko vitatu, akanikonyeza. "Mchungu kama wewe ukinyimwa sukari," akasema. Wiki mbili baadaye tulimzika.

Tangu hapo nikawa mtoto mkimya, na watu wakasema nimepata akili. Akili gani! Niliamini nimemuua kaka yangu kwa shikamoo. Nilikua na imani hiyo, nikaolewa nayo.

Mwaka huu, nikiwa nyumbani kwangu Usagara, nilisoma kwenye simu kwamba watafiti wanachunguza kemikali zilizomo katika mboga za majani, waone kama zinaweza kuua seli za saratani ya damu. Ni mambo ya maabara bado. Mpaka yamfikie mgonjwa, safari ni ndefu. Mwingine angefurahi. Mimi nililia pale pale jikoni, kwa kuwa niliona basi Bibi alikuwa sahihi, na mharibifu ni mimi.

Jumamosi nikaenda Tongoni, nikamweleza yote. Bibi, ambaye sasa haoni vizuri, alicheka mpaka akakohoa.

"Mie n'lijua siku ile ile. Maalimu alipita adhuhuri kukusifu adabu."

"Na hukunambia?"

"Sikujua kama imekukaa moyoni. Mie kesho yake n'kaenda mwenyewe, na magoti yangu haya. Siku saba, sikumjibu mtu salamu, hata wakan'ita mwenye kiburi." Aliupapasa mkono wangu mpaka akaushika. "Alikula mchunga wangu siku saba, mwanangu. Na bado akatutoka."

Nilimlalia Bibi mapajani nikalia tena, kilio kingine hiki. Watafiti wale nawaombea kheri kwa moyo wote. Siku jani litakapotoa dawa ya kweli, natumaini halitauliza nani alimwamkia nani njiani.

Jioni ile, kutoka mlangoni kwa Bibi mpaka barabara kuu, nilimwamkia kila niliyekutana naye.