Punda Aliyekuja Nilipomwita

Jana nilipita mtaa wa Langoni nikamkuta fundi akichomea mlango wa chuma. Cheche ikamuunguza nywele za mkono, na ile harufu ikanisimamisha pale pale.

Nilipokuwa mtoto, punda wetu alikuwa na uvimbe kifuani, mkubwa kama ndimu, pale kamba ya mzigo inapopita. Daktari wa punda alimwambia baba ukatwe, upakwe dawa, na punda apumzike mwezi mzima. "Au muuache kabisa," alisema. "Mkiuchoma, utarudi mkubwa zaidi."

Baba alicheka. Babu zake wote walitibu punda kwa moto. Akatia chuma makaani hadi kikawa chekundu, lakini punda alipokiona akakimbilia uchochoroni.

"Mwite, mwanangu," baba akaniambia. "Mimi hunikimbia. Kwako wewe huya."

Nikamwita, nimeshika ganda la embe. Akaja. Chuma kilipomgusa alilia hadi majirani wakafunga madirisha, kichwa chake kimenilalia kifuani.

Baada ya miezi michache uvimbe ulirudi, mkubwa kama dafu, ukivuja damu. Baba akawasha makaa tena, akanitazama.

Nikamwita, mikono mitupu. Akaja.