Ng'ombe wa Shaba

Siku Zéphyrin alipomtia machoni Ruhimbika kwa mara ya kwanza, mzee alikuwa amepiga magoti majanini huku bunduki zikilia, akiokota kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika.

Ulikuwa uwanja wa kulenga shabaha, nje kidogo ya Louisville. Zéphyrin alipelekwa huko na ofisi ya vibarua akafyeke nyasi, na hakuna aliyemwambia ni mahali gani. Mlio wa kwanza ulipopasuka aliiacha mashine ikinguruma peke yake, akajitupa nyuma ya gari na kumwita Mungu kwa lugha ya kwao: "Nyamuzinda." Alipoinua kichwa, mzee yule wa majanini alikuwa amekuja kusimama juu yake, mrefu, mwembamba, mwenye kofia pana na fimbo ya mchungaji. Fimbo ile aliijua. Yeye alikuwa Mushi, mtu wa kabila la Bashi, kutoka Walungu, na fimbo ile ilikuwa ya watu wa milima ya juu, kule Itombwe na Minembwe. Kijijini kwao watu hao walitajwa kwa sauti ya chini, na bila shaka kule juu nao Bashi walitajwa hivyo hivyo.

"Bon, ni Mushi," mzee alisema. "Unaogopa bunduki ao unaogopa miye?"

Tangu utotoni maneno yalikuwa yakimkwama Zéphyrin kooni. Siku hiyo alisema kweli kwa sababu hakuwa na uongo wa karibu. "Vyote viwili, Mzee."

Ruhimbika alicheka hadi akaegemea fimbo. Kisha akafungua kiganja na kumwonyesha maganda ya risasi, bado yana joto. "Hizi hazina kitu tena," akasema. "Zilishamaliza."

Tangu hapo wakawa wanakaa benchi moja kanisani, la nyuma kabisa. Waumini walitania kwamba Mushi amepata rafiki mwenye ng'ombe, ila ng'ombe ndio hawapo. Ni kweli Ruhimbika aliwahi kuwa nao, kundi la kufunika mlima. Aliwahi kuwa na mke pia, na wana wa kiume. Vita vilimnyang'anya kidogo kidogo, mpaka akavuka kwenda kambini Burundi na binti mmoja tu, Nyiramahirwe. Huko Louisville binti alifanya kazi kwenye ghala la vifurushi, kutwa nzima amesimama. Magoti ya mzee yaliikataa kazi hiyo. Basi alibaki nyumbani kumlea mjukuu, Umutesi, ambaye jina lake maana yake ni mtoto wa kudekezwa, na kweli alidekezwa.

Mwenye uwanja, mzungu mzee mwenzake, alikuwa amemfundisha kuyaandaa maganda ili wawindaji wayajaze upya. Ruhimbika aliyachukua kwa magunia hadi chumba cha chini ya nyumba. Zéphyrin alipenda kukaa huko Jumapili alasiri, kwa kuwa hakuna aliyemtaka aongee. Mzee aling'oa kwanza fataki iliyolipuka kwenye kitako cha kila ganda. Kisha aliyamwaga maganda kwenye pipa dogo la umeme pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, pipa likatetemeka kwa saa nyingi, na maganda yakatoka yanang'aa. Baada ya hapo ilikuja kazi ya kisu. Shaba ikishafyatuliwa hurefuka, alieleza. Ganda likizidi urefu, midomo yake huibana risasi, na bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni. Kwa hiyo alilibana kila moja kwenye kijimashine, akazungusha mkono, kisu kikala ukingo kidogo tu, halafu akausugua mdomo ndani na nje mpaka ukucha haukukwama.

Baruti hakuigusa kamwe. Mwenye uwanja aliwahi kumwomba ajaze pia, akakataa. "Miye ninatengeneza ganda," alimwambia Zéphyrin. "Kifo wataweka wenyewe."

Lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa ya kutenganisha maganda na yale magunzi. Watu wa huku wana chujio lao la kuzungusha. Ruhimbika alikuwa na ungo wa marehemu mkewe, uliotoka naye kambini. Alipepeta. Mwanaume mzima wa milimani, ambaye kwao kupepeta ni kazi ya mama na dada, alirusha na kudaka, akainama na kupuliza vumbi kwa kinywa, na vumbi lile la kijivu likaelea kwenye mwanga wa kidirisha na kutua juu ya kila kitu. Zéphyrin alipomcheka alijibu kwamba mjane huolewa na ungo wake.

Umutesi alikuwa akikaa miguuni pake. Mzee alimchagulia maganda mazuri na kumpa kuwa ng'ombe. Lenye wekundu wa moto lilikuwa Bihogo, la manjano iliyoiva Gaju. Alimfundisha kuyapiga mluzi, kuyapeleka mtoni kwenye ufa wa sakafu, kuyarudisha zizini jioni. Mtoto aliongea nayo Kinyamulenge, lugha ya babu yake, wakati mama yake akilalamika kwamba anajua Kiingereza tu. Usiku alilala na Gaju mkononi. Mara nyingi Gaju alikuwa kinywani.

Mwaka 2015, majani yalipoanza kudondoka, Umutesi aliacha kula. Tumbo lilimuuma, akawa mkali bila sababu. Kisha maneno yakaanza kumpotea, kwanza ya Kiingereza, halafu majina ya ng'ombe. Zéphyrin ndiye aliyewapeleka kliniki kwa gari lake. Walimtoa mtoto damu, kisha familia ikaitwa tena, na safari hiyo muuguzi aliweka simu mezani ili mkalimani awasemeshe. Alikuwa Mtanzania, kwa matamshi yake, mtu wa adabu.

"Anasema mtoto ana risasi kwenye damu," sauti ilisema. "Risasi nyingi."

Nyiramahirwe alimvua mtoto nguo zote palepale, akampapasa mgongo, makwapa, kichwa chini ya nywele, akitafuta tundu. Mzee alisimama, akainua mkono kama anayeapa mbele ya hakimu.

"Umwambie daktari, kwangu hakuna risasi hata moja. Kuko maganda tu."

Mkalimani alitafsiri kwa uaminifu. Kwao yeye risasi ni ile ya bunduki na ni madini pia, neno moja, na alijua muuguzi anasema ipi. Hakujua mzee anasema ipi. Muuguzi naye aliposikia maganda alidhani ni maganda ya rangi kuukuu ukutani, akatikisa kichwa kwa huruma, maana hilo amelizoea. Wiki hiyo mwenye nyumba aliagizwa kukwangua madirisha na kuyapaka upya. Ruhimbika alipekua kila gunia, ganda kwa ganda, kuona kama risasi nzima ilijificha humo. Hakuna. Moyo ukatulia. Akaendelea kupepeta, na Umutesi akaendelea kuchunga.

Damu ilipopimwa tena, hali ilikuwa mbaya zaidi. Safari hii ofisi ya afya ilimtuma mtu nyumbani pamoja na mkalimani wa kuja mwenyewe, Mrundi mmoja aitwaye Yudita. Zéphyrin alikuwepo. Yudita alishuka ngazi, akauona ungo, akaliona vumbi, akajifunika pua kwa kitenge.

"Mzee," alisema polepole, "risasi wanayosema si ya kufyatua. Ni plomb. Ile nzito, ya betri za gari. Fataki ikilipuka inaiacha humo ndani ya ganda. Iko kwenye vumbi hili."

Ruhimbika alitazama ungo wa mkewe, kisha akatazama chini. Umutesi alikuwa ameketi pale pale, Gaju kinywani. Mzee aliinama, akamtoa ng'ombe yule midomoni kwa kidole, na mtoto akalia. Mzee huyo ndiye aliyekuwa amewalilia wale wote waliokufa milimani bila machozi. Siku hiyo machozi yalimtoka mbele ya mgeni, mwanamke, na hakuyafuta.

Nyiramahirwe hakumtukana baba yake. Alifunga virago, akampeleka mtoto kwa shangazi wa marehemu mumewe huko North Buffalo, na hakuaga.

Mzee alirudisha mashine, akauchoma ungo, akasugua chumba cha chini hadi vidole vikatoka damu. Mikono yake nayo ilikuwa imeanza kutetemeka. Daktari alimweleza kwamba ile plomb imo mwilini mwake pia, naye alisikiliza kama anayesimuliwa habari za mtu mwingine. Alitaka jambo moja tu: kumshika Umutesi. Kulipoanza kuganda barafu, Zéphyrin aliomba ruhusa kazini, wakaondoka.

Walilala Columbus, mtaa wa Clintonville, kwa Ruberwa, mpwa wa mzee, ambaye alikuwa amekwisha kumwambia mjomba wake aje aishi naye. Asubuhi Ruhimbika alikaa bafuni muda mrefu sana. Alijisugua kwa sabuni ya kufulia, akapitisha brashi kila ukucha, akavaa nguo mpya hadi soksi. Zéphyrin alikuwa akizikunja zile kuukuu kwenye mfuko wa plastiki alipohisi kitu kigumu. Kilikuwa Gaju.

"Nimeiosha," mzee alisema mlangoni. "Nimeichemsha, Mushi. Ataniuliza ng'ombe yake. Nitamwambia nini?"

Zéphyrin hakuwahi kumkatalia mtu mzima kitu maishani. Alimfumba Gaju kiganjani. "Mzee, hii haifiki Buffalo."

Ruhimbika aliiacha mkononi mwake.

Walifika Buffalo mchana, theluji imefika magotini. Nyiramahirwe alifungua mlango wa mbao lakini ule wa wavu hakuufungua. Binti wa kwao hamkatalii baba usoni, kwa hiyo macho yake aliyaelekeza kwa Zéphyrin.

"Papa Zéphyrin, umwambie baba, mtoto analala."

Umutesi alikuwa amesimama nyuma ya sketi ya mama yake, amekonda, macho wazi. Alimtazama babu kama anayejaribu kukumbuka jina. Ruhimbika alikuwa ameitanguliza mikono yake mitupu, viganja juu. Aliirudisha polepole mgongoni.

"Basi alale," akasema.

Zéphyrin alimrudisha kwa Ruberwa, maana Louisville hapakuwa na kitu cha kurudia. Mzee alizikwa Columbus kabla theluji haijaisha. Figo, walisema. Nyiramahirwe alikuja peke yake, akasimama pembeni ya kaburi. Zéphyrin alimfikishia ujumbe aliokuwa amepewa na mzee siku walipoachana pale Clintonville. Gari lilikuwa limeshawashwa, mzee akarudi kwa fimbo yake juu ya barafu, akagonga kioo. Zéphyrin akakishusha.

"Mushi," akasema, "ukimupigia simu Nyiramahirwe, umwambie nilioga."