Feni na Dagaa Zangu

Wewe, ulishaona gari inakimbia mpaka mia na sitini na haijatoka hata hatua moja? Mimi nimeona, tena hapa hapa kwangu Mwisenge, nimekaa kwenye kigoda nachambua dagaa! Usicheke. Ngoja nikuambie.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa Butiama, alijifunza ufundi wa magari Bunda. Akaja na fundi wake mkubwa, Mwislamu mmoja mstaarabu sana, wakaniomba banda langu la nyuma. Wakachimba shimo, wakalaza humo mapipa mawili ya chuma, mazito, yanazunguka. Mashine hiyo wanaiita daino. Gari inapanda juu yake, inafungwa mikanda huku na huku kama ng'ombe wa kuchinjwa, halafu inakanyagwa mafuta. Matairi yanazungusha yale mapipa, na kompyuta inachora mstari: injini hii ina nguvu za farasi wangapi. Mstari ukiwa mbaya, mjukuu wangu anabonyezabonyeza, anapunguza mafuta hapa, anaongeza pale, mpaka injini iimbe.

"Farasi wangapi leo?" nilikuwaga namuuliza.

"Mia mbili na kumi, bibi."

"Na hawajanilia hata jani moja la mchicha!"

Tulikuwa tunachekaga, mwenzangu.

Sasa gari ikiwa barabarani inapigwa na upepo, inapoa. Pale imesimama, kwa hiyo wanaiwekea feni mbele, kubwa, kidogo inifikie urefu. Waya wake ulikuwa unachomekwa barazani kwangu. Mjukuu wangu alinionya mapema kabisa: "Bibi, hii feni ikizimika injini inachemsha. Inakufa." Nikasema nimesikia. Nilisikia, ndiyo.

Siku moja ikaletwa gari ya mbio ya mfanyabiashara wa Bunda. Na mimi nilikuwa nimeanika dagaa kwenye nyavu, mzigo mzima nimetoa ziwani Makoko asubuhi. Feni ikakaa upande, ikatupa vumbi lote la uwanja kwenye dagaa zangu. Nikapiga kelele. Nani anisikie? Mjukuu wangu yumo ndani ya gari, macho kwenye kompyuta, injini inanguruma mpaka mabati yanatetemeka. Na dagaa za mchanga mteja anatafuna mara moja tu, harudi. Nikaenda barazani, nikachomoa waya. Nikasema moyoni, nahamisha nyavu chapchap, narudisha.

Nilikuwa kwenye wavu wa tatu nikaona moshi mweupe. Nikakimbia nikachomeka. Fundi aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, akakuta feni inazunguka vizuri, na injini imekufa.

"Umeibania mafuta, ndiyo maana imechemka!" akamwambia mjukuu wangu.

"Nilipunguza kidogo tu, fundi."

"Kidogo? Silinda hedi, kifuniko cha injini, imepinda, hiyo ndiyo kidogo?"

Mtoto akanigeukia. "Bibi, feni ilikuwa inazunguka?"

Na mimi nikasema, "Si unaiona inazunguka?"

Basi. Ndiyo hilo neno. Siku tatu alikaa mbele ya ile kompyuta anatafuta kosa lake kwenye mstari. Hakuliona, maana halikuwepo. Fundi hakumfukuza. Alimwambia tu asishike tena kompyuta, awe anafunga mikanda. Akafunga wiki moja, akabeba begi, akaenda Butiama kulima mihogo na mama yake. "Bibi," akaniambia, "mkono wangu siuamini tena."

Mdomo huu unaongeaga na kila mtu, kuanzia Kitaji mpaka Makoko. Ukashindwa hilo moja, mwezi mzima. Zile dagaa niliziuza zote. Zilikuwa safi, watu walizisifu, na kila aliyesifu alinichoma.

Mwisho nikamwambia fundi. Akashika kichwa. "Astaghfirullah, bibi. Na mimi nimemvunja moyo mtoto wa watu." Kesho yake nikapanda gari la Butiama. Nikamkuta anamenya mihogo, nikamwambia nikiwa nimesimama hapo hapo, hata kiti sikuomba. Akamenya muhogo ule mpaka ukaisha.

"Kwa hiyo mstari wangu ulikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa, mama."

Akaweka kisu chini, akalia. "Ungeniambia siku ile ile, bibi. Nimekaa huku najiona mjinga." Nikaokota kile kisu, nikamenya mihogo iliyobaki.

Siku hizi fundi anapima magari peke yake, na dagaa naanika kwa jirani. Kila injini ikinguruma nachungulia kama aliyekaa pale ni yeye. Lakini siku ile ya Butiama alinisindikiza mpaka barabarani, amebeba kikapu changu, na gari lilipokuja akanishika mkono, akaniahidi: "Mihogo ikitoka shambani narudi, bibi. Ila gari ya kwanza, wewe ndiyo utakaa pembeni ya feni, waya umeushika mkononi. Hata kunguru wazimalize dagaa zote, hutoki hapo mpaka nizime injini."