Ukuta wa Mistari Kumi na Mmoja

Padri mzee wa parokia yetu alitoka mji mdogo wa Ujerumani, kando ya mto. Alikaa kwetu Likasi mpaka akawa anasema kama watu wa sokoni kwetu, lakini akianza kusimulia alirudi kulekule: daraja la mawe, gulio la Jumamosi, na ukuta wa ofisi ya meya. Kila mto ulipofurika, mji ulichonga mstari pale maji yalipofika, na mwaka wake pembeni. Baraza liliweza kumaliza kikao kizima likibishana kama maji yalifika hapa au kidole kimoja juu. Mimi, muuza mitumba, niliyezaliwa kwa kubishana, niliona huo ndio mji wa watu wenye akili.

"Na bale balikufa na maji, bao pia munaandikaka?" nilimuuliza.

"Bale balikufa tunabaandikaka ku kanisa. Ku ukuta ni maji tu, kusudi mutu asiseme uongo."

Maji sisi pia tulikuwa nayo. Mtaa wetu uko bondeni, na kijito kikijaa huingia ndani bila hodi. Padri akatuanzishia desturi ya kwao: kwenye ukuta wa nje wa ukumbi wa parokia, mkabala na nyumba ya mama yangu, kila mafuriko yakapata mstari wa makaa. Hakuna aliyeruhusiwa kuchora peke yake; lazima majirani watatu wakubaliane. Padri alirudi kwao, akafia huko, sisi tukaendelea. Mistari ikafika kumi na mmoja. Nilihesabu mara mbili. Ule wa juu kabisa ulinifika kifuani. Mwaka huo mama alilala siku mbili juu ya meza iliyopandishwa juu ya nyingine.

Mwaka jana tukasikia kwamba tume inakuja kupima bonde. Nyumba zitakazoonekana kweli zinaingiliwa na maji, wenyewe watapewa viwanja juu, upande wa Kamatanda. Mama hakuomba kitu kingine. Tangu afariki baba, aliyeletwa kutoka Kasai kwa kazi ya mgodi, mvua alikuwa anaiogopa kuliko njaa. Sufuria zake alikwisha kuzifunga ndani ya gunia.

Mtaa ukakaa kikao. Wageni wanakuja, tuwapokee kwenye ukumbi mchafu vile? Kazi ya chokaa nikapewa mimi, kwa sababu hakuna anayenishinda kubishania bei. Nilimbana muuzaji mpaka akaniuliza:

"Weye, mama yako alikuzala, ao alikuokota ku soko?"

Nikarudi na ndoo tatu, na ya nne juu yake, matabishi, bure. Tatu zilitosha ndani. Kuiacha ya nne ikauke ingekuwa hasara, basi nikapaka na ukuta wa nje. Nilipaka mwenyewe, usiku wa kuamkia siku ya tume. Mara mbili.

Tume ilifika asubuhi. Mkubwa wao akasimama mbele ya ukumbi na faili lake.

"Mama, maji inafikaka wapi?"

"Ku mistari, shefu."

"Mistari gani?"

Mama akageuka. Ukuta ulikuwa mweupe kama gauni la komunyo ya kwanza. Hakuutazama sana. Alinitazama mimi.

Nikaanza kukwangua kwa ufunguo. Chokaa ikatoka, na makaa yakatoka nayo. Majirani wakaapa, kila mmoja akaonyesha kwa mkono wake: huyu gotini, yule kiunoni, mwingine shingoni.

"Ninyi wenyewe hamupatane," akasema mkubwa, bila ukali. "Miye niandike nini? Ukuta iko muzuri sana."

Viwanja vilikwenda kwa mtaa wa pili, ambako hakuna aliyefikiria kupaka chokaa.

Sasa mvua imeanza tena. Mama hajanigombeza hata siku moja, afadhali angenigombeza. Jumapili, baada ya misa, nilimpelekea matofali tukainua kitanda chake, manne kila mguu. Kumi na sita. Nikahesabu tena: kumi na sita.

"Inatosha, mama?"

"Mustari wa juu ulikuwa wapi?"

Nikaweka kiganja kifuani. Nikakipandisha kidogo. Nikakishusha.

Mama aliuangalia mkono wangu mpaka nikautoa.

"Leta ingine," akasema.