Surua Ilipoingia Kwetu Bondeni

Mama zangu na dada zangu, naitwa Milembe. Nauza dagaa hapa Tunduma, ila nimekulia bondeni Momba, kwa wafugaji. Baba alihamahama kufuata malisho. Mimi na mdogo wangu Kabula, chanjo ya surua ilitupita. Tulipofika mahali, wachanjaji walishaondoka. Waliporudi, nasi tulishahama.

Nilikuwa darasa la tano. Nilianza na homa na mafua, macho yakawa mekundu. Vipele vikatokea nyuma ya masikio, vikashuka mpaka miguuni. Kabula naye akafuata. Mdomo ulijaa vidonda, hata mate yalinishinda kumeza. Tuliharisha pale pale tulipolala.

Bibi akasema, "Msiwatoe nje. Viacheni vipele vitoke vyote, vikibaki ndani vinaua."

Kabula akakohoa mpaka mbavu zikawa zinabonyea akivuta pumzi. Ndipo baba akasema, "Inatosha." Akaita pikipiki, tukapelekwa zahanati na mama.

Nesi alinitia matone ya vitamini mdomoni na dawa machoni. Akamgeukia mama. "Huyu mdogo, surua imemletea nimonia. Lazima aende hospitali."

Tulikuwa tunasubiri gari. Macho yangu yaliganda usaha, sikuona kitu. Nilimsikia tu mama akimwita Kabula, akimwita, kisha akaacha: Kabula alikuwa amekata roho.

Sikulia. Niliomba uji. Mama akaninywesha.

Gari lilipofika likanipeleka mimi, na huko hospitali ngozi yangu ilibambuka kama magamba. Jicho la kulia likapona. La kushoto likabaki na doa jeupe. Daktari akamwambia baba, "Hili halitaona tena. Ila mtoto atapona." Baba akajibu, "Sawa."

Mpaka leo nikimtaja Kabula, kifua kinakufa ganzi, kama mkono uliolaliwa. Watu hudhani nimesahau. Sijasahau.

Namshukuru Mungu, na yule nesi. Nawaomba, mkihamia mahali papya mnauliza maji yako wapi. Ulizeni na chanjo inatolewa wapi. Kama mtoto amepitwa, mpelekeni hivyo hivyo, msione aibu.

Wa kwangu alichanjwa ya miezi tisa. Ya mwaka na nusu tulikwenda na mama yangu, akampakata mwenyewe. Sindano ilipoingia mtoto akapiga yowe, kliniki nzima ikageuka. Nikataka kumnyamazisha. Mama akanizuia.

"Mwache," akasema. "Lia, mjukuu wangu. Lia nikusikie."