Marathoni ya Salamu

Marathoni yangu ya kwanza nilikimbia Iringa, uzeeni, kuchangia vitanda vya wodi ya wazazi. Wafanyabiashara wenzangu walisema wazi: usipomaliza, hatutoi kitu.

Ukungu ulikuwa mzito, nikajiona kama naelea. Humo, pembeni mwa barabara, wakawa wanatokea wazee wenzangu. Shule niliishia darasa la pili, lakini adabu ninayo; simpiti mtu mzima bila salamu. Nikawa nasimama. Kamwene! Habari za watoto, za mahindi, za ng'ombe.

Msimamizi akapita na pikipiki: "Mzee, tunakaribia kufunga mstari wa mwisho!"

Bibi mmoja akanifokea, "Wewe baba, kimbia! Tutasalimiana hukohuko mbioni!" Akakunja kanga, akakimbia nami peku, akiuliza, nikijibu, mpaka nikasikia vigelegele. Mstari nilikuwa nimeshauvuka.